Mkwe Aliyegoma Kukimbia

Kofi la kwanza lilimkuta Sekela amepiga magoti, bakuli la maji ya chumvi mkononi. La pili lilimrusha hadi kwenye mguu wa kitanda, na bakuli likabiringika uvunguni. Maji yakatapakaa sakafuni. Mdomo wake ukaanza kuvuja damu.

"Mshenzi mkubwa wewe!" Ambwene alifoka. "Mchumba wa mdogo wangu! Ng'ombe wetu wako zizini kwa baba yako kule Suma, hata majani ya huko hawajayazoea, na wewe uko huku unamfunua baba mkwe wako paja?"

"Shemeji, nisikilize…"

"Usiniite shemeji! Koma!"

Kitandani, Mzee Ambindwile alijaribu kuinuka, akashindwa. "Ambwene, mwache mtoto wa watu," alisema kwa sauti iliyokauka.

"Nyamaza, baba! Wewe ni mgonjwa, hujui unafanyiwa nini."

Haya. Kabla hatujaendelea na vipigo, na vipo vingi, acha nikueleze wewe usiyetoka Rungwe, usije ukadhani Ambwene alichanganyikiwa tu bila sababu. Kwa wazee wa Kinyakyusa, siku ng'ombe wa mahari wanapoingia kwa baba wa binti, siku hiyohiyo binti anakuwa mkwe. Na mkwe hamtazami baba wa mume wake. Jina lake halitaji. Akimwona anakuja njiani, anajitupia khanga kichwani na kukimbilia migombani, hata kama ana ndoo ya maji kichwani. Wala si kwa chuki. Ndiyo heshima yenyewe hiyo, tena heshima kubwa. Siku hizi vijana wa mjini Tukuyu wanaicheka, na wengi wameshaiacha, lakini kwenye kaya ya Mzee Ambindwile, kule juu ya Mpuguso, hakuna aliyethubutu. Esnath, mke wa Ambwene, alikuwa amempikia mzee yule kwa miaka kumi na miwili na hakujua ana macho ya namna gani.

Mambo hayo yanapendeza mtu akiwa mzima. Mzee akaugua.

Ujanani aliwahi kuungua kwenye tanuri la matofali, na kovu likabaki juu ya goti miaka yote hiyo bila kumsumbua. Mwaka ule wa tisini na tatu kovu likachimbika. Likawa kidonda, kidonda kikaota nyama, nyama ikaanza kupanda paja. Daktari wa Mbeya alikitazama mara moja tu, akakata kipande wakapime, na majibu yaliporudi hakuzunguka: ni kansa, mguu ukatwe wote, na wasichelewe. Mzee akasema hakuzaliwa nusu na hatazikwa nusu. Ambwene akasema hayo ni maneno ya kizungu, baba karogwa, na akaanza kumzungusha kwa waganga hadi kule Kyela. Miezi minne ikapita hivyo.

Sasa niambie, nani amuuguze? Mke wa mzee alishatangulia. Binti hakujaliwa kumpata. Wanawake waliobaki pale wote ni wakwe, na wakwe kazi yao ni kukimbia. Esnath alikuwa akiweka chakula kizingitini, anagonga, anatimua mbio. Ambwene, kila aliporudi kutoka Tunduma na marobota yake ya mitumba, alisimama mlangoni ameziba pua na leso, anasalimia, anaondoka. Mdogo wake Nsajigwa ndiye aliyejaribu kuosha kile kidonda, lakini malori ya Dar yalikuwa yameanza kujaa Mpuguso kununua ndizi, na kila wiki yeye alikuwa barabarani siku nne na mzigo. Akirudi anakuta funza.

Usiku mmoja, au tuseme jioni, maana jua lilikuwa halijazama vizuri, Nsajigwa alilia mbele ya Sekela. Mwanamume mzima, mabega mapana, amekaa kwenye benchi la nje ya zahanati ya misheni alikokuwa Sekela muuguzi msaidizi, analia hadi kamasi.

"Ungekuwa si mchumba wangu," alisema, "ningekuomba uje umwoshe."

Sekela alimpa ncha ya khanga yake afute uso. Alimpenda mtu yule kiasi kwamba akiisikia tu kengele ya baiskeli yake, alikuwa akikimbilia dirishani hata kama ameshika sindano.

"Basi nije."

"Hapana! Hapana, Sekela, usithubutu. Nitakukosa. Unawajua watu wetu."

Alikwenda. Wiki mbili nzima, Nsajigwa safari hii akiwa amekwama Dar na Ambwene akiwa Tunduma, alipita migombani akaingia chumba kile, mwiko akauweka kando. Alitia chumvi kwenye maji ya moto. Alisaga vidonge vya kuua wadudu akavinyunyiza juu ya kidonda, vitambaa alichana kutoka kwenye khanga zake mwenyewe. Siku ya kwanza mzee aligeukia ukutani, akalia kwa aibu. Siku ya nne alisema, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana. Siku ya kumi alikula ndizi bakuli zima.

Na unajua kilichomfichua? Harufu. Au niseme, harufu iliyokosekana. Ambwene alishuka kutoka Tunduma Jumamosi ile, amekwisha pitia pombe ya kimpumu kwenye kilabu cha njiani, akakaribia chumba cha baba yake na leso yake tayari puani. Akaishusha. Akanusa. Hamna kitu. Akajua pale pale kwamba kuna mkono wa mtu umeingia mle ndani, akausukuma mlango kwa teke.

Basi ndiyo hapo tulipoanzia.

"Toka nje!" Alimkamata Sekela nywele akamburuta. Sekela alijishika kwenye mwimo wa mlango, kucha zikamvunjika. Alipoona anazidiwa aliugeukia mkono ule akaung'ata kwa meno yote aliyopewa na Mungu.

"Yalaa! Ananing'ata! Mchawi ananing'ata!"

Akamwachia, akampiga teke la ubavu. Sekela akaangukia uani, kwenye matope ya mvua ya mchana. Esnath alitoka jikoni mbio na mwiko wa ugali mkononi.

"Baba Fred! Unaua! Utafungwa, baba Fred!"

"Rudi jikoni! Au na wewe ulikuwa unajua?"

Esnath akanyamaza. Ambwene hakuutilia maanani ukimya ule. Angeutilia maanani, pengine mambo yangekwenda vingine. Alimrudia Sekela pale chini. "Unajua ulichofanya wewe? Mwiko ukivunjwa nani anakufa? Anakufa baba! Wanakufa watoto wangu! Ulisomea kuchoma watu sindano, hukusomea mila?"

"Baba yako anakufa kwa sababu mnaziba pua," Sekela alisema, damu kidevuni. "Mila haikumtia funza. Nyie ndio mliomtia."

Teke la pili lilikuwa limeshainuliwa pale kengele ya baiskeli iliposikika njiani.

Nsajigwa hakushuka kwenye baiskeli, aliitupa. Hakuuliza, hakusalimia. Aliona mwanamke wake yuko kwenye matope na kaka yake kainua mguu, akaokota mti wa kubebea mikungu uliokuwa umeegemezwa ukutani, akaushusha begani kwa Ambwene hadi ukavunjika. Ambwene akaenda chini. Nsajigwa akamkalia kifuani, akampiga ngumi za uso, moja, nyingine, nyingine, kimya kimya, hata Esnath akajikuta anapiga yowe kwa ajili ya mume wake.

"Nsa! Basi, Nsa!" Sekela alimvuta shati. "Utamuua!"

Aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini yalipotua kwenye ule mdomo uliopasuka yakalainika, akaunyooshea mkono kuugusa. Hapo akaona kitambaa chenye usaha kilichomning'inia Sekela begani. Mkono ukaishia njiani.

"Umefanya nini, Sekela?"

"Nimemwosha baba yako."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza kwa mdomo. Macho yako yalikuwa yananiomba."

"Tutaachanishwa! Ng'ombe watarudishwa! Unaelewa? Baba yako Mzee Erasto atawafungulia leo hii akisikia. Mimi nitaishije?" Alikuwa anapiga kelele sasa, mtu aliyempigania dakika moja tu iliyopita. "Ungenionea huruma mimi pia!"

"Nilikuonea wewe! Unadhani nilimwosha nani? Kila nilipomtazama usoni nilikuona wewe utakavyokuwa mzee."

Na wakati wanatazamana hivyo, wapenzi wawili wajinga wa mapenzi yao, Ambwene alikuwa ameshatambaa hadi kwenye gogo la kukatia majani ya ng'ombe. Aliinuka na panga.

"Mkono huo," alisema, akitema damu. "Mkono uliomshika baba. Naukata niuzike, mwiko uishe."

Alikuja mzima mzima. Sekela aliliona panga likipanda, akaona na uso nyuma yake, uso wa mtu mwenye hofu kuliko hasira. Nsajigwa akajitupa katikati, mkono mbele. Panga likampata chini ya kiwiko. Damu iliruka ikampata Sekela shingoni, ya moto. Nsajigwa akapiga magoti bila sauti, ameushika mkono wake, anautazama kana kwamba si wake.

"Nsajigwa!" Ambwene mwenyewe alishtuka. Panga likabaki hewani. "Mdogo wangu… kwa nini umeingia? Si wewe niliyekutaka!"

"Malizia," Nsajigwa alisema. "Kama unamtaka yeye, nimalize mimi kwanza."

"ACHENI!"

Sauti hiyo hakuna aliyetarajia kuisikia uani. Mzee Ambindwile alikuwa amesimama mlangoni. Amesimama! Mtu ambaye tangu mavuno hakuwahi kuvuka kizingiti. Mkono mmoja umeshika mwimo, mwingine umeshika fimbo, na ule mguu unaning'inia na kitambaa kimefunguka nusu.

Esnath alipiga ukelele mfupi, akajitupia khanga usoni, akatimka kuelekea migombani. Miaka kumi na miwili ya mazoea, miguu yake haikuhitaji kuambiwa. Majani ya migomba yakamfunika.

Kisha wote wawili, kaka na mdogo, wakamgeukia Sekela. Na yeye akaelewa.

Akikimbia, yeye ni mkwe. Ambwene mwenyewe ndiye atakayekuwa shahidi: nilimwona kwa macho yangu, alipomwona baba alikimbia kama inavyotakiwa. Yaliyotokea chumbani yataitwa ujinga wa kisichana, atatozwa faini, watu watasema maneno mwezi mmoja, watachoka. Nsajigwa atakuwa wake. Nyumba ile ya bati waliyoianza pamoja itapata mlango. Na akibaki, amekwisha. Mwanamke anayemtazama mkwe wake mbele ya watu haolewi kwenye kaya hiyo.

"Kimbia," Nsajigwa alisema akiwa magotini. "Sekela, mpenzi wangu. Nakuomba. Kimbia!"

Mkono wa Sekela ulishaishika ncha ya khanga. Aliiinua. Iligusa kabisa paji la uso. Mguu mmoja uligeukia kwenye migomba.

Fimbo ya mzee ikateleza kwenye matope.

Ambwene alikuwa karibu kuliko wote, lakini alikuwa ameganda na panga lake. Nsajigwa alijaribu kuinuka akaanguka kwa ule mkono. Mzee akaanza kuinama upande, taratibu, mdomo wazi, anatafuta cha kushika na hakuna.

Sekela alikimbia. Alikimbia kuelekea mlangoni, khanga ikabaki matopeni nyuma yake, akamdaka mzee kifuani kabla kichwa hakijafika kwenye jiwe la kizingiti. Walikwenda chini pamoja, yeye chini, mzee juu, na ule mguu mbovu mikononi mwake.

"Umeona?" Ambwene alipaaza sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya kilio. "Umeona, Nsajigwa? Hakukimbia! Huyo si mkwe! Umemkosa!"

Nsajigwa aliinamisha uso kwenye ardhi akalia kwa nguvu, kilio cha msiba.

Mzee alikaa akiwa ameegemea bega la Sekela, anahema. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza kwenye mwanga wa jua. Siku zote mle ndani alikuwa akifumba macho.

"Ambwene amesema kweli," alisema. "Hakukimbia. Si mkwe. Ng'ombe warudi."

Sekela hakulia. Aliuma tu ule mdomo uliopasuka na kuendelea kufunga kitambaa cha mguu, kwa sababu kilikuwa kimelegea.

"Baba!" Nsajigwa aliinua kichwa. "Baba, usinifanyie hivyo!"

"Nyamaza, sijamaliza. Ambwene, weka panga chini. Nenda chumbani, lete lile bakuli."

"Bakuli gani, baba?"

"La kuniosha. Umemwangusha aliyekuwa ananiosha, sasa utamaliza wewe. Na anza na mkono wa mdogo wako, usije ukaniulia mtoto."

"Baba, mimi siwezi. Harufu…"

"Haipo harufu! Wewe mwenyewe uliingia bila leso puani kwa sababu haipo!"

Hapo sauti ya mwanamke ikatoka migombani, haionekani mwenyewe, majani tu yanatikisika. Ilikuwa Esnath, na alikuwa hasemi na mzee. Alikuwa anasema na hewa, kama mkwe anavyopaswa. "Mwambieni baba maji ya moto yako jikoni. Mwambieni mimi ndiye niliyekuwa nikiyapitisha dirishani, siku zote kumi na nne. Baba Fred akitaka kuua mtu kwa hilo, aje aniue na mimi."

Panga likamponyoka Ambwene, likaanguka. Alikwenda, akarudi na bakuli, maji yakimwagikia viatu vyake vizuri vya Tunduma. Sekela alikuwa ameshaufunga mkono wa Nsajigwa kwa kipande cha gauni lake, jeraha refu lakini mfupa mzima. Bila neno akampa Ambwene kitambaa.

Ambwene akapiga magoti. Alikifungua kidonda, akakitazama, akageuka pembeni akatapika kimpumu chote. Akafuta mdomo. Akarudi.

"Taratibu," Sekela alimwambia. "Anzia katikati, nenda nje. Usisugue. Ni baba yako huyo, si sufuria."

"Hivi?"

"Hivyo. Maji zaidi."

Mikono ile iliyompasua Sekela mdomo sasa ilikuwa inaosha kidonda taratibu. Machozi yakawa yanadondokea kwenye bakuli. "Naogopa, baba," Ambwene alisema. "Tangu daktari aseme, naogopa. Nilidhani nikikipata kitu cha kupiga, kitaisha."

"Najua," mzee alijibu. "Na mimi naogopa. Jumatatu nipelekeni Mbeya wakakate."

Ambwene akainua kitambaa kwenye kidonda, akamtazama baba yake.

"Nilikataa kwa sababu nilijiuliza, nikirudi kipande cha mtu, nani atanigeuza kitandani? Wakwe watanikimbia, wana wataziba pua. Sasa nimepata waoshaji. Ambwene ataosha Jumatatu hadi Jumatano, Nsajigwa siku zinazobaki. Ndizi na mitumba vitangoja."

"Na Sekela?" Nsajigwa aliuliza kwa sauti ndogo. Alikuwa amekaa karibu naye, magoti yanagusana, na hakuna kati yao aliyethubutu kusogea.

"Sekela kwa sasa ni mwanangu. Atanipeleka Mbeya kama binti anavyompeleka baba yake, na hakuna wa kumnyooshea kidole." Mzee akageuka, akaushika uso wa Sekela kwa viganja viwili, pamoja na damu yake na matope yake. "Kisha, wakinirudisha nikiwa hai, siku hiyohiyo nawatoa ng'ombe upya, wale wale. Wanapanda tena Suma. Na wakishaingia zizini kwa Erasto, mwanangu, nitatoka na magongo yangu nikae pale njiani nikusubiri."

"Unisubiri nifanye nini, baba?"

"Unikimbie." Mzee alimpangusa matope shavuni. "Nataka nikuone unavyonikimbia, khanga kichwani, mbio hasa. Usigeuke nyuma hata mara moja."

Hapo ndipo Sekela alipolia. Alimlalia mzee kifuani, akalia kwa sauti hadi Esnath naye akamjibu kutoka migombani, na Nsajigwa akamshika mkono kwa ule mkono wake mmoja mzima.

"Nitakukimbia, baba," alisema. "We rudi tu. Nitakukimbia mpaka Suma."